Bwawa la kuogelea linapungua maji: kutafuta mvujo wa mabomba ya chini ya ardhi Mtwara na Lindi

Bwawa likianza kupungua maji kila siku, mwenye nyumba huita vijana waje na sururu. Huku kwetu pwani hilo ndilo kosa linalokula pesa kuliko mengine yote. Kuanzia Shangani na Mikindani hadi Kilwa Masoko, bwawa nyingi zimechimbwa kwenye jiwe la matumbawe lenye matundu au kwenye mchanga mtupu, na ardhi ya namna hiyo hunywa maji. Bomba linaweza kumwaga lita 1,000 kwa siku, ukapita juu yake na viatu vikavu. Na pale unapoona pamelowa, mara nyingi maji yametembea mita kadhaa juu ya tabaka gumu la jiwe kabla ya kujitokeza, kwa hiyo ukichimba hapo unakuta bomba zima kabisa.

Acha sururu kwanza. Bwawa lenyewe litakuonyesha bomba lipi linavuja, ukilipima kwa utaratibu ufuatao. Vipimo vyote vya mwanzo vinahitaji ndoo, rula, kalamu ya wino usiofutika na subira ya siku 2.

Kabla ya kulaumu bomba la chini

Anzia chumba cha pampu. Pampu ikiwa inafanya kazi na vali ya njia sita (ile ya kwenye filta yenye mpini wa kuchagua maji yaende wapi) ikiwa kwenye nafasi ya kuchuja, nenda kwenye mdomo wa bomba linalotoa maji machafu ya kuoshea filta. Pasitoke hata tone. Ndani ya vali hiyo mna mpira wenye umbo la gurudumu la baiskeli, na spoki zake hutenganisha njia za maji. Mpira ukichakaa, ukijikunja au ukinasa chembe za mchanga, maji safi ya bwawa hupenya polepole kwenda kwenye bomba la uchafu. Chupa ya nusu lita ikijaa kwa dakika 1, na pampu inafanya kazi saa 8 kwa siku, umepoteza lita 240 bila kuwa na ufa popote. Mabomba haya mengi yameelekezwa kwenye shimo lililofunikwa, kwa hiyo hakuna anayeyaona. Fungua yunioni (kiungo cha kukaza na kulegeza) iliyo karibu na vali, au kata bomba hapo na uunganishe kipande kinachopitisha mwanga ili uone ndani. Wanaochukua hatua hii kwanza huokoa wiki nzima ya kazi.

Ukiwa humo humo, angalia viungo vyote kwa tochi. Mvujo mdogo kwenye joto letu hukauka kabla ya kudondoka, lakini huacha alama: ukoko mweupe wa chumvi na chokaa unaozunguka kiungo. Uguse kwa kidole. Ukiwa mgumu ni wa zamani, ukiwa laini kama unga uliolowa mvujo upo hadi leo. Kiungo kinachochakaa mapema ni kile cha uzi kinachoingia kwenye pampu upande wa kuvuta. Pampu ikifanya kazi bila maji, hata kwa muda mfupi, joto hulainisha uzi wa plastiki na kuupinda, na tangu siku hiyo hauzibi tena hata ukizungusha tredi tepu mara 10.

Kama bwawa lina boya la kujaza maji lenyewe, funga koki yake siku zote za vipimo. Boya huficha mvujo miezi mingi, na dalili ya kwanza inakuwa bili. Mita ya maji husoma kwa uniti za lita 1,000, kwa hiyo uniti 10 zisizoelezeka kwa mwezi ni karibu lita 330 kwa siku.

Hesabu pia maji unayoyatoa mwenyewe. Pampu inayosukuma lita 10,000 kwa saa ikiosha filta kwa dakika 3 inatupa lita 500. Kwenye bwawa la mita 10 kwa 5, huo ni upungufu wa sentimita 1.

Kuna dalili nyingine isiyohitaji kifaa chochote zaidi ya karatasi za vipimo vya dawa. Maji yanayopaa kwa jua huacha chumvi na kidhibiti cha klorini (dawa inayoizuia klorini isiliwe na jua) bwawani, lakini yanayovuja huondoka navyo. Kama kila mwezi inakubidi uongeze chumvi au kidhibiti ili kurudi kwenye kiwango kile kile, na mvua haijalifurisha bwawa, maji yako yanaenda ardhini.

Kipimo cha ndoo, mara mbili

Bwawa lililo wazi huku pwani hupoteza kwa jua na upepo kiasi cha milimita 4 hadi 8 kwa siku. Miezi ya kusi, upepo ukivuma mchana kutwa na hewa ikiwa kavu, hupotea mengi zaidi kuliko wakati wa mvua. Usikisie. Ndoo ndiyo itakayokuambia.

Chukua ndoo ya rangi ya lita 20, iweke kwenye ngazi ya bwawa na uitulize kwa mawe mawili ndani yake. Ijaze maji ya bwawa hilo hilo hadi zibaki sentimita 3 au 4 kufika mdomoni. Ukiijaza nusu, kingo zake huyakinga maji na upepo na kipimo kinadanganya. Panga urefu ili maji ya ndani na ya nje yalingane. Weka alama ya ndani kwenye ukuta wa ndoo, na alama ya nje kwenye kigae cha bwawa, kwa sababu ndoo ikisogea kidogo alama ya nje iliyo juu yake haina maana. Zuia kuogelea. Mvua ikinyesha, anza upya.

Siku ya kwanza iache pampu ifanye kazi saa 24, au saa zile zile za kawaida kama haiwezi kukaa muda huo wote. Siku ya pili izime kabisa. Soma saa ile ile kwa rula.

Tuseme siku ya pampu bwawa limeshuka milimita 19 na ndoo milimita 6, na siku ya pili bwawa limeshuka 9 na ndoo 6. Toa cha ndoo: umebaki na 13 pampu ikiwa imewashwa na 3 ikiwa imezimwa. Kwenye bwawa la mita 10 kwa 5, kila milimita 1 ni lita 50. Kwa hiyo unapoteza lita 650 siku ya pampu na 150 siku ya mapumziko. Tofauti ya chini ya milimita 2 usiitilie maanani, maana rula na jicho havifiki huko.

Linapungua zaidi pampu ikiwa imewashwa

Hapo shuku upande wa kusukuma: bomba linalotoka kwenye filta kurudi bwawani kupitia matundu ya ukutani, pamoja na ile vali uliyokwisha kuikagua. Bomba hili hubeba presha muda wote wa kazi. Ufa mwembamba ambao ukizima pampu hautoi hata kikombe, ukiwasha hutema kama sindano. Mfano wa juu, wa 13 dhidi ya 3, ni wa aina hii.

Linapungua zaidi pampu ikiwa imezimwa

Hapo tatizo ni upande wa kuvuta: mabomba ya skima (mdomo wa ukutani unaokusanya takataka za juu ya maji), ya dreni ya chini au ya kufyonzea uchafu. Pampu ikifanya kazi, bomba hili huvuta, kwa hiyo kwenye ufa huingia hewa au maji ya udongoni badala ya kutoka. Ikizimwa, uzito wa maji ya bwawa huyasukuma nje kupitia ufa ule ule.

Thibitisha kwa kuangalia kifuniko kinachoonyesha ndani cha kikapu cha pampu. Mapovu yasiyoisha dakika 10 baada ya kuwasha, na mapovu madogo madogo yanayotoka kwenye matundu ya kurudishia, ni hewa inayoingia upande wa kuvuta. Kwanza paka mafuta ya silikoni kwenye ringi ya mpira ya kifuniko, kaza, uangalie tena, maana ringi kavu ndiyo chanzo cha mapovu mara nyingi kuliko ufa. Kama mapovu yanaendelea, funga vali moja moja: acha skima peke yake, kisha dreni peke yake. Mapovu yakitoweka ulipofunga skima, umepata bomba. Angalizo: ufa ulio chini kabisa ndani ya mchanga uliojaa maji huvuta maji badala ya hewa, kwa hiyo kukosa mapovu hakulisafishi bomba.

Linapungua sawa sawa pampu ikiwashwa au ikizimwa

Shuku bwawa lenyewe kabla ya mabomba: ufa kwenye zege, skima ilipoachana na zege, taa, au vali ya kupunguzia shinikizo la maji ya chini iliyomo ndani ya shimo la dreni. Vali hiyo imewekwa ili maji ya ardhini yakipanda yaingie bwawani badala ya kulinyanyua. Chembe moja ya mchanga ikinasa kwenye mdomo wake haifungi, na bwawa huvuja mchana na usiku.

Bwawa zilizo hatua chache kutoka ufukweni zina dalili ya peke yake. Maji ya chini ya jiwe la matumbawe hupanda na kushuka pamoja na bahari. Kama bwawa lako linapungua sana saa za maji kupwa na kupungua kidogo, au hata kuongezeka, siku za bamvua maji yakijaa, basi tundu liko chini ya kina cha maji hayo. Pima chumvi: ikiwa inapanda haraka bila wewe kuongeza, bahari inaingia kupitia tundu hilo hilo.

Maji yanasimama wapi

Kama unaweza kuvumilia siku kadhaa, zima pampu, funga boya, acha maji yashuke yenyewe, na utazame yanaposimama. Bomba lililopasuka chini ya ardhi huvuja hadi maji yafike chini ya mdomo wake ulio bwawani, kisha hukatika. Yakisimama kwenye mdomo wa skima, ni skima au bomba lake. Yakisimama kwenye ukingo wa chini wa matundu ya kurudishia, ni bomba la kurudishia. Yakisimama kwenye taa, ni mfereji wa waya wake. Yakiendelea kushuka chini ya hapo, imebaki dreni, vali yake au ufa wa sakafu.

Skima nyingine zina bomba la pili linalofungukia ukutani sentimita 30 au zaidi chini ya mdomo. Hizo huendelea kuvuja hadi kwenye tundu hilo la chini, na mtu asiyejua huanza kushuku taa bure.

Hapa kuna hatari ya kweli. Usiliache bwawa lishuke sana, wala usilikaushe, wakati wa mvua za masika au siku za bamvua kama uko karibu na bahari. Maji ya ardhini yakizidi yaliyo ndani, bwawa zima huelea kama ngalawa, zege hupasuka na mabomba yote hukatika kwa pamoja. Chimba kwanza shimo dogo pembeni mwa bwawa, lenye kina kinachozidi sakafu yake, uone maji yako wapi maji yakijaa baharini. Walioko juu ya uwanda wa Makonde, Newala au Tandahimba, hawana hofu hii kwa kuwa maji ya ardhini yako mbali sana chini, ila kwao kila lita iliyovuja ililetwa kwa shida.

Rangi kwenye sirinji

Kabla ya kuziba mabomba kwa ajili ya kipimo cha presha, ondoa shaka kwenye midomo yake. Zima pampu, subiri maji yatulie saa 1 au zaidi, usifanye siku ya upepo. Chukua sirinji ya mililita 20, ijaze rangi ya chakula nyekundu au buluu, ingia majini taratibu bila kuyakoroga.

Isogeze ncha sentimita 1 kutoka mahali skima ya plastiki inapokutana na zege, utoe tone. Pakiwa pazima, rangi hutanuka kama wingu na kuning'inia hapo. Pakivuja, wingu hujikusanya likawa uzi mwembamba na kuvutwa ndani ya ufa kama uzi unaopitishwa kwenye tundu la sindano. Huhitaji kuambiwa na mtu ukishauona. Zunguka skima yote, hasa pembe mbili za chini, kisha kila tundu la kurudishia, skrubu za taa na mahali waya wake unapoingilia.

Taa usiiruke kwa kuwa kioo chake ni kizima. Nyuma yake kuna mfereji wa waya unaopanda hadi kwenye kisanduku, na mfereji huo ukiwa umepasuka maji huenda zake. Kata umeme kwenye swichi kuu, itoe taa, ziba mdomo wa mfereji kwa lakiri ya bwawa (dawa nzito ya kuzibia ndani ya maji), urudie kipimo cha ndoo.

Kupima presha bomba kwa bomba

Hiki ndicho kipimo kinachoamua kama utachimba au la. Unalitenga bomba moja, unaziba ncha zake zote, unalijaza maji na kuangalia kama linashika.

Andaa vizibo vya mpira vinavyotanuka ukikaza nati ya masikio, vya inchi 1½ na inchi 2, kwa sababu ndiyo mabomba yaliyo kwenye bwawa nyingi. Usipovipata, matundu ya kurudishia mengi yana uzi ndani yake, kwa hiyo kizibo cha kawaida cha uzi wa saizi hiyo na tredi tepu kinatosha. Upande wa chumba cha pampu unahitaji kichwa cha kupimia: kizibo kilichotobolewa, tii, koki ndogo na geji. Geji iwe ya bar 0 hadi 4 au chini ya hapo. Ya bar 10 haikuonyeshi mvujo mdogo, sindano yake haitasogea.

Cha kusukumia maji, pampu ya mkono ya mafundi bomba ni bora. Isipokuwepo, bomba la mgongoni la kupulizia dawa ya mikorosho linafika presha hiyo, ila liwe jipya. Lililowahi kuwekwa dawa ya shambani usilifikishe kwenye maji ya kuogea watu hata ukiliosha mara ngapi.

Kompresa ya kujazia matairi usiiguse kabisa. Hewa iliyobanwa huhifadhi nguvu, na bomba la plastiki likishindwa hupasuka vipande vinavyoruka kama kioo, kizibo nacho hutoka kama risasi. Maji hayabanwi, kwa hiyo bomba likipasuka linatema tu na kunyamaza. Hata hivyo, usikae mbele ya kizibo, na asiwepo mtu majini unapopandisha presha.

Ziba ncha za bwawani. Kama bomba la kurudishia lina matundu 3, ziba mawili na liache la mbali zaidi wazi. Jaza maji kutoka chumba cha pampu hadi mapovu yaishe kwenye tundu lile, kisha lizibe nalo. Hewa iliyobaki ndani ndiyo inayoharibu kipimo. Hubanwa na kutanuka, na geji hushuka na kupanda bila kuwa na mvujo.

Pandisha hadi bar 1. Haihitajiki zaidi ya 1.5, na bomba la kuvuta halizoei hata hiyo moja. Subiri dakika 5, kwa kuwa vizibo hujikalia na plastiki hutanuka kidogo, kisha rudisha hadi bar 1, funga koki, uandike saa. Acha dakika 30. Fanya asubuhi na mapema: jua likipiga bomba lililo wazi chumbani, maji ya ndani hupata joto na geji inapanda, na mvujo unafichika.

Sasa soma sindano. Ikikaa pale pale dakika 30, bomba hilo ni zima, nenda linalofuata. Usipoweza kabisa kufika bar 1, maji unayosukuma yanatoka mahali, ufa ni mkubwa au kiungo kimeachia. Ikishuka polepole, tuseme kutoka 1 hadi 0.8 kwa dakika 15, usifurahi bado. Ingia bwawani na sirinji ya rangi, paka kwenye kila kizibo. Rangi ikisukumwa mbali na kizibo, kizibo ndicho kinachovuja. Kaza na uanze upya.

Angalia pia inaposimama. Sakafu ya chumba cha pampu ikiwa mita 1 chini ya usawa wa maji ya bwawa, na sindano ikashuka hadi 0.1 ikatulia hapo, bomba limelingana na bwawa, na hiyo ni ishara ya kizibo kibovu. Mita 10 za maji ni bar 1, kwa hiyo hesabu hii inafanyika kwa chumba chochote. Ikishuka hadi sifuri, maji yameingia ardhini.

Usipokuwa na geji kabisa, kuna njia ya maskini inayofanya kazi vizuri. Badala ya geji funga mpira mweupe unaopitisha mwanga wa milimita 25 kwa ndani, usimamishe mita 2 juu ya maji ya bwawa, uujaze na uweke alama. Kila sentimita 1 ni kama mililita 5. Ukishuka sentimita 20 kwa dakika 10, ni karibu lita 14 kwa siku. Presha yake ni ndogo, bar 0.2 tu, kwa hiyo pampu ikifanya kazi mvujo huo utakuwa mkubwa zaidi. Kwa bomba la kuvuta njia hii inatosha.

Kujua ni wapi hasa

Sasa unajua ni bomba lipi, na huenda lina urefu wa mita 12. Anza kwa kufikiri fundi alivyolaza. Mahali panapovunjika ni pale pale: kona ya kwanza chini ya skima, bomba linapotoka kwenye zege, linapoingia ukuta wa chumba cha pampu, na popote palipo na elbo mbili karibu karibu. Zege na udongo havikai kwa mwendo mmoja, na bomba linalofungwa kwa moja na kulalia juu ya kingine hukatika mpakani.

Kisha sikiliza. Chukua nondo ya milimita 12 yenye urefu wa mita 1.5, ichomeke kwenye udongo juu ya njia ya bomba, weka kipande cha mti juu yake na sikio juu ya mti. Alfajiri ni bora, kusi inakuwa imetulia kidogo na magari hayajaanza. Ondoa maji kidogo bombani na uingize hewa kwa pampu ya baiskeli, isizidi bar 0.3, ili kwenye ufa hewa na maji vipishane. Utasikia kububujika. Sogea kila nusu mita. Kwenye mchanga sauti hufa haraka, kwa hiyo panaposikika ndipo hapo. Kwenye jiwe la matumbawe sauti husafiri, kwa hiyo usichimbe hadi umepata sehemu ambayo sauti hupungua pande zote mbili.

Kabla ya kuweka chepe, mwaga maji ndoo 3 au 4 juu ya eneo hilo ukiwa unaingiza hewa ile kidogo. Kwenye mchanga mapovu hupanda na kujionyesha juu ya udongo.

Chimbuko lake huku, na namna ya kurekebisha

Ukifukua utakuta moja ya haya. Kipande cha jiwe la matumbawe lenye ncha kimelaliwa na bomba, na kila pampu ikianza bomba linatikisika na kukatwa kidogo kidogo. Au bomba lilichomwa moto likapindwa badala ya kuwekewa elbo, au mdomo wake ulitanuliwa kwa moto badala ya kuwekewa soketi. Plastiki iliyochomwa hukonda upande wa nje wa kona na kupasuka baada ya miaka michache. Au ni bomba jembamba la maji taka, ambalo halikutengenezwa kubeba presha. Au gundi ilipakwa juu ya vumbi. Na penye mwembe au mnazi karibu, mizizi hutafuta unyevu wa kiungo dhaifu na kukitanua.

Kata sentimita 15 kila upande wa ufa, hadi kwenye plastiki nzima isiyo na mstari mweupe. Tumia bomba la presha la PN10, yaani la kubeba bar 10. Sugua kwa msasa, futa kwa kisafishio cha PVC, paka gundi bomba na soketi, ingiza ukizungusha robo, shika sekunde 30. Kwenye joto letu gundi hukauka kabla hujaingiza, kwa hiyo fanya kiungo kimoja kimoja, na kazi hiyo ifanyike kivulini au asubuhi. Usikate na kuunganisha kwa elbo 4 kukwepa jiwe. Kila kiungo ni mahali pengine pa kuvuja.

Acha saa 24, kisha pima presha tena huku mtaro ukiwa wazi. Ikishika, tandika mchanga safi sentimita 10 chini ya bomba na 15 juu yake, bila jiwe hata moja, ndipo urudishe kifusi. Rudia kipimo cha ndoo siku 2. Mara nyingi kuna mvujo wa pili uliokuwa umefichwa na ule mkubwa, na ni bora ujue kabla vigae havijarudishwa.

Kabla ya kufukia, pima umbali wa kila kona ya bomba kutoka kingo mbili za bwawa na kina chake, uandike kwa wino usiofutika ndani ya mlango wa chumba cha pampu.